Kulisha Si Kupeleka Chakula

Bismillahir Rahmanir Rahim



Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyeanza kuturuzuku tukiwa matumboni mwa mama zetu kabla hatujajua kuomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani inapokaribia, jumuiya nyingi za wanafunzi Waislamu katika vyuo vyetu hupanga ziara ya kwenda kwenye nyumba za wazee. Michango hukusanywa baada ya swala ya Ijumaa. Hununuliwa sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula. Basi dogo hukodiwa, dua huombwa, picha hupigwa, na kabla ya Magharibi watu wameshapanda gari kurudi chuoni. Hii ni amali njema, na Allah awalipe wote wanaoihangaikia. Makala hii haikuja kuibeza. Imekuja kuuliza swali moja tu: gunia la mchele likishashushwa na basi likaondoka, ni nani anayehakikisha kuwa mchele ule umeingia tumboni mwa mzee?

Swali hili lina uzito kwa sababu mzee anaweza kukonda na kudhoofika kwa kukosa chakula huku stoo ya nyumba anayoishi imejaa. Sahani yake inaletwa kwa wakati, inakaa mbele yake, halafu inaondolewa ikiwa karibu nzima. Aliyeileta ametimiza zamu yake na aliyeipika ametimiza yake. Mzee mwenyewe hakula. Siku ya pili ni hivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu nguo zinampwaya, pete inamtoka kidoleni, na watu wanasema, "Ni uzee tu."

Si uzee tu. Mara nyingi ni utapiamlo, na utapiamlo una sababu zinazojulikana na mara nyingi zinazotibika.

Kwa nini mzee hali

Allah (S.W.) ametufahamisha katika Sura Ar-Rum (30:54) kwamba ametuumba katika udhaifu, kisha baada ya udhaifu akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Na katika Sura Yasin (36:68) ametueleza kuwa anayepewa umri mrefu hurudishwa nyuma katika umbo lake. Aya hizi tunazisoma sana, hasa Yasin. Tukae kidogo tutazame maana yake katika jambo la kula.

Mzee hupungukiwa na uwezo wa kunusa na kuonja. Chakula ambacho kwako wewe kina harufu ya kuvutia, kwake kinaweza kuwa kama karatasi. Meno yametoka, au meno bandia yanalegea kwa sababu fizi zimepungua, na nyama aliyowekewa haitafuniki. Tumbo lake huchelewa kumaliza chakula, hivyo hushiba upesi. Hisia ya kiu nayo hupungua, kiasi kwamba mwili unahitaji maji naye hahisi kiu. Wapo pia wanaojizuia kunywa makusudi, kwa sababu kwenda chooni ni safari ndefu inayohitaji mtu wa kuwashika mkono, na wanaona haya kumwita mtu kila mara.

Juu ya hayo huja maradhi. Aliyepata kiharusi anaweza kushindwa kumeza sawasawa, akapaliwa kila anapokunywa maji. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuitazama sahani asijue ni ya nini, au akaweka tonge mdomoni akasahau kulimeza. Mwenye mtoto wa jicho haoni kilichopo kwenye sahani. Mwenye mikono inayotetemeka humwaga mchuzi kifuani, akaona aibu, akaacha kula mbele za watu. Zipo dawa zinazoondoa hamu ya chakula au kukausha mdomo. Na zaidi ya yote upo upweke. Mtu aliyezoea kula na watoto na wajukuu kwenye sinia moja anawekewa sahani yake peke yake ukingoni mwa kitanda. Huyo akikosa hamu, tatizo halipo kwenye chumvi.

Matokeo yake hayaishii kwenye kukonda. Mwili usiopata chakula cha kutosha huila misuli yake wenyewe. Misuli ikipungua mzee huanguka, na akianguka huvunjika. Vidonda vya kulala muda mrefu kitandani havifungi. Maradhi madogo ya kifua humlaza wiki nzima. Akiugua hula kidogo zaidi, na akila kidogo zaidi huugua zaidi. Huo ndio mzunguko ambao wauguzi wa nyumba za wazee wanaujua vizuri na wanauogopa.

Wataalamu wa lishe wa Ulaya, kupitia jumuiya yao iitwayo ESPEN, wameweka mwongozo kuhusu chakula cha wazee. Kwa kila kilo moja ya uzito wake, mzee anahitaji takriban kalori 30 na angalau gramu 1 ya protini kwa siku, kisha kila mmoja huangaliwa kulingana na hali yake. Mzee wa kilo 50 basi anahitaji karibu kalori 1,500 na protini isiyopungua gramu 50. Vinywaji navyo visipungue kiasi cha lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, isipokuwa daktari amemwekea kiwango kingine kwa sababu ya moyo au figo. Sasa tazama chakula chetu cha kila siku hapa Uganda. Matoke ni laini na yanamfaa asiye na meno, lakini protini yake ni ndogo. Posho na maharage vinayo, lakini posho ngumu na maganda ya maharage vinamshinda. Uji mwepesi wa maji na sukari unateremka vizuri, ila haumjengi. Ndiyo maana mzee anaweza kushiba kila siku na bado akawa na utapiamlo.

Bakuli mkononi mpaka alfajiri

Ndugu msomaji, ukitaka kujua dini yetu inalitazamaje jambo la kulisha, rudi kwenye hadith mashuhuri ya watu watatu walionaswa pangoni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.). Jiwe liliporomoka likafunga mlango wa pango, na kila mmoja akamwomba Allah kwa amali aliyoifanya kwa ikhlasi.

Wa kwanza hakutaja swala za usiku wala funga. Alitaja maziwa. Alikuwa na wazazi wazee sana, na ilikuwa desturi yake kutowatanguliza watu wengine katika kinywaji cha jioni kabla yao, hata watoto wake. Siku moja alikwenda mbali kutafuta malisho, akachelewa. Alipokamua na kuwaletea, aliwakuta wamelala. Hakupenda kuwaamsha, wala hakupenda watoto wanywe kabla yao. Akasimama na bakuli mkononi akisubiri waamke, mpaka alfajiri ikachomoza. Walipoamka, wakanywa. Kwa amali hiyo jiwe likasogea.

Tuizingatie hadith hii kama wanafunzi. Mtu yule angeweza kuliweka bakuli kando ya kitanda akaenda kulala. Kwa hesabu ya watu, maziwa yalikuwa yameshafika. Mtu yeyote angemwona mtoto mwema. Lakini kwake kazi haikwisha mpaka maziwa yalipoingia kinywani mwa wazazi. Alikisubiri kinywaji kinyweke. Na kile kilichomwokoa siku ya dhiki ni kule kusimama, muda ule ambao hakuna aliyeuona isipokuwa Allah.

Utaikuta maana hiyo hiyo katika kisa cha Umar bin Al-Khattab (R.A.) ambacho Aslam, huru wake, amekisimulia. Usiku mmoja nje ya Madina walimkuta mwanamke amebandika chungu cha maji matupu ili kuwatuliza watoto wake waliokuwa wakilia kwa njaa. Umar alirudi mbio mpaka ghala la chakula, akajitwisha mwenyewe unga na mafuta, akakataa Aslam amsaidie kubeba, kwa kuwa Aslam hangembebea mzigo wake Siku ya Kiyama. Wengi wetu tukikisimulia kisa hiki huishia hapo penye gunia. Lakini kisa kinaendelea. Umar, Amirul Muuminina, aliinama akapuliza moto chini ya chungu, moshi ukipita katika ndevu zake. Akapika, akakipakua chakula, watoto wakala mpaka wakashiba. Kisha akakaa pembeni akiwatazama mpaka wakacheza na kulala. Alikuwa amewaona wakilia, akataka asiondoke kabla hajawaona wakicheka.

Kupeleka gunia ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni kuinamia chungu na kusubiri.

Aliye na njaa ni nani

Aya za kulisha katika Qur'an Tukufu ni nyingi na ni nzito. Katika Sura Al-Muddaththir (74:42-44), watu wa Motoni wanapoulizwa kilichowaingiza humo, wanataja kuwa hawakuwa miongoni mwa waliokuwa wakiswali, na papo hapo wanataja kuwa hawakuwa wakimlisha maskini. Katika Sura Al-Maun, anayekadhibisha dini anaelezwa kuwa ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulisha maskini. Na katika Sura Al-Insan (76:8-9), watu wema wanasifiwa kuwa huwalisha chakula, hali ya kuwa wanakipenda, maskini, yatima na mfungwa, na wanafanya hivyo kwa ajili ya Allah bila kutaka malipo wala shukrani.

Mfungwa ametajwa kwa sababu hawezi kwenda kujitafutia. Je, mzee aliyelala kitandani, asiyeweza kufika jikoni wala kuinua kijiko, hali yake si inafanana na hiyo? Naye hatakushukuru. Huenda amesahau jina lake mwenyewe, na ukirudi wiki ijayo hatakukumbuka. Amali ya namna hiyo ni nadra kwetu sisi tuliozoea kuona kila jema likiwekwa kwenye simu na kuhesabiwa waliolipenda.

Katika hadith Qudsi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Allah (S.W.) atamuuliza mwanadamu Siku ya Kiyama kwa nini hakumtembelea alipougua, kwa nini hakumlisha alipoomba chakula, na kwa nini hakumnywesha alipoomba maji. Mja atastaajabu, vipi amlishe Mola wa walimwengu? Ataambiwa kuwa mja fulani alimwomba chakula asimlishe, na lau angemlisha angeyakuta malipo yake kwa Allah. Ugonjwa, chakula na maji vimetajwa pamoja katika hadith moja. Katika nyumba ya wazee utavikuta vyote vitatu kwenye kitanda kimoja.

Wala tusiseme kuwa haki hii ni ya mzee Mwislamu peke yake. Abu Yusuf amesimulia katika Kitab al-Kharaj kuwa Umar (R.A.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiombaomba. Alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akaagiza hazina ya dola imwangalie yeye na walio mfano wake, akiona si uadilifu kula matunda ya ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Hapa Kampala ipo nyumba ya Mapeera Bakateyamba huko Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga na kuhudumiwa na masista wa Good Samaritan. Zanzibar zipo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zinazotunzwa na Serikali. Mwenye njaa ni mwenye njaa popote alipo, na malipo ya kumlisha yako kwa Allah.

Mzee na funga

Lipo jambo moja linalotuhusu zaidi sisi tunaosoma dini, kwa sababu wazee hutuuliza. Wazee wengi wa Kiislamu, hata waliodhoofika sana, hung'ang'ania kufunga Ramadhani. Wanaona kuacha funga ni kuacha dini. Muuguzi akiwaambia wale, hawamsikii. Akija kijana wa madrasa au wa chuo akawaeleza kwa adabu, huenda wakasikia.

Basi tuwaeleze. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa aya ya 184 ya Sura Al-Baqara inamhusu mzee wa kiume na wa kike wasioweza kufunga, kwamba walishe maskini mmoja kwa kila siku. Imepokewa pia kuwa Anas bin Malik (R.A.), aliyemhudumia Mtume (S.A.W.) tangu utotoni, alipokuwa mzee sana aliacha kufunga, akawa anamlisha maskini mkate na nyama kila siku kwa mwaka mmoja au miwili. Ikiwa Anas alikubali ruhusa ya Mola wake, mzee wetu wa kilo 40 anayetumia dawa mara tatu kwa siku asione aibu kuipokea. Na asiye na uwezo wa kutoa fidia, amwelekee sheikh wa eneo lake. Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Jambo la pili ni halali. Mzee Mwislamu anayeishi katika nyumba ya watu wa dini nyingine anaweza kuiacha nyama kila siku kwa shaka ya uchinjaji, na asimwambie mtu. Wahudumu wataandika kuwa hana hamu ya kula. Kumbe angewekewa mayai, samaki au maziwa, angekula. Jumuiya ya wanafunzi ikizungumza na msimamizi mara moja tu, tatizo hilo linaweza kuisha.

Tufanye nini

Kwanza, tuulize kabla ya kununua. Msimamizi wa nyumba anajua kinachokosekana. Huenda sukari ipo ya miezi miwili na mayai hayajaonekana tangu mwezi uliopita. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu gramu 8. Mayai mawili na glasi mbili za maziwa ni gramu 28, zaidi ya nusu ya mahitaji ya mzee wa kilo 50. Unga wa mukene, karanga zilizosagwa na maziwa vikitiwa kwenye uji, uji ule ule wa kila asubuhi unakuwa chakula. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha kupikwa talbina, uji laini wa shayiri, kwa ajili ya mgonjwa na mwenye msiba, akisema amemsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa unaupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Hadith hii wameipokea Bukhari na Muslim. Basi uji si chakula cha kudharau. Ni namna unavyopikwa na moyo unaoupeleka.

Pili, twende wakati wa kula. Ziara nyingi hupangwa saa tisa alasiri, wakati sahani za mchana zimeshaoshwa. Nyumba za wazee zina upungufu mkubwa wa mikono wakati wa chakula. Fanya hesabu: kumlisha mzee mmoja asiyejiweza kwa utaratibu kunaweza kuchukua nusu saa. Mhudumu mwenye wazee kumi wa aina hiyo angehitaji saa tano kwa mlo mmoja. Hana saa tano. Kwa hiyo hulazimika kuharakisha, au huweka sahani akapita. Si ukatili, ni uhaba. Na sisi wanafunzi, pamoja na umaskini wetu wote, mikono tunayo. Jumuiya yenye watu arobaini ikijigawa zamu, kila mmoja akaenda mara moja kwa mwezi, kila siku ya mwezi kutakuwa na mtu mezani. Ndugu wa kiume wakae na wazee wa kiume, akina dada wakae na akina bibi.

Tatu, tujifunze adabu ya kulisha. Muulize muuguzi kwanza ni nani unaweza kumlisha, kwa maana mwenye tatizo la kumeza ana utaratibu wake. Nawa mikono. Msalimie kwa heshima, "Shikamoo mzee," "Shikamoo bibi," au kwa lugha aliyolelewa nayo. Mvalishe miwani yake na meno yake kama anayo. Mwinue akae wima, na abaki wima kwa muda wa nusu saa hivi baada ya kula. Kaa usawa wa macho yake, usimsimamie kichwani. Tia kidogo kwenye kijiko, na usilete kijiko cha pili kabla hujaona amemeza. Mwambie anakula nini. Zima redio. Akianza kukohoa au sauti ikawa kama ina maji kooni, simama na umwite muuguzi. Aliyekaa na njaa muda mrefu asirundikiwe chakula kingi siku moja, kwa sababu mwili wake unaweza kudhurika; arudishwe kidogo kidogo kwa ushauri wa wauguzi.

Wala asilazimishwe. Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea hadith inayokataza kuwalazimisha wagonjwa wetu kula na kunywa. Kusubiri kwa upole ni jambo moja, na kumsukumia mtu kijiko mdomoni ni jambo jingine. Akikataa, mpumzishe, rudi baada ya robo saa. Yule wa pangoni alisubiri usiku mzima na hakuwaamsha.

Nne, tuzoee kutazama dalili. Kuna kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kiitwacho Mini Nutritional Assessment, kwa kifupi MNA. Namna yake fupi ina maswali sita tu. Je, katika miezi mitatu iliyopita mzee amepunguza kula? Amepungua uzito? Anaweza kutoka kitandani na kutoka nje? Amepata msukosuko mkubwa wa nafsi au ugonjwa wa ghafla? Ana ugonjwa wa kusahau au sonona? Uzito wake ukoje ukilinganishwa na kimo chake? Pale ambapo uzito na kimo havipimiki, hupimwa mzunguko wa shavu la mguu kwa utepe wa fundi cherehani, na ukiwa chini ya sentimita 31 ni dalili ya kumwangalia. Jumla ni alama 14: kuanzia 12 yuko salama, kati ya 8 na 11 yuko hatarini, na 7 kushuka chini ana utapiamlo. Kazi ya kupima na kuamua ni ya wauguzi, na wanafunzi wetu wa uuguzi na udaktari wanaweza kusaidia. Lakini mizani na daftari la uzito ni zawadi ambayo jumuiya yoyote inaweza kuinunua. Mzee wa kilo 50 akipoteza kilo 2 na nusu kwa mwezi mmoja, au kilo 5 kwa miezi sita, bila kukusudia, hilo si jambo la kusubiri. Pasipo daftari, hakuna atakayejua.

Tano, tuwalindie heshima. Picha ya mzee aliyemwagikiwa na uji isiingie kwenye simu ya mtu. Lau angekuwa baba yako, usingeiruhusu.

Nyumba ya karibu zaidi

Wapo watakaosema kuwa haifai kabisa Mwislamu kumpeleka mzazi wake kwenye nyumba ya wazee. Mjadala huo una nafasi yake na masheikh wameuzungumza. Lakini wazee walioko humo wapo humo leo, na wengi hawakuletwa na watoto. Hawana mtoto, au waliowazaa wametangulia mbele ya haki. Mjadala wetu haumshibishi yeyote kati yao mchana huu.

Wengine wetu tutamaliza chuo tutafute kazi ughaibuni, na wenzetu wengi wameshakwenda Uingereza kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Aendaye huko ajue kuwa kijiko atakachokishika ni amana, na mzee atakayekuwa mbele yake, awe wa dini gani, ni mja wa Allah aliyewekwa mikononi mwake. Kulipwa mshahara hakuondoi thawabu kwa mwenye nia.

Na kabla ya London ipo nyumba iliyo karibu zaidi. Sura Al-Israa (17:23) inazungumzia mzazi anayefikia uzee akiwa kwako, na inakataza hata kumwambia "uff." Hiyo "uff" mara nyingi hutoka mezani: anapomwaga, anapochelewa, anapouliza mara ya tatu kama ameshakula. Likizo ijayo ukifika nyumbani, usiulize tu kama jajja amepelekewa chakula. Kaa naye mpaka amalize. Tazama sahani inavyorudi jikoni. Angalia kama kikombe chake cha maji kimepungua tangu asubuhi. Sisi tunaowasomea watu aya hii kwenye mihadhara ndio wa kwanza tutakaoulizwa.

Ewe Mola wetu, tulishie wazee wetu na uturuzuku subira ya kuwalisha. Usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaopeleka kwa mikono na kusahau kwa nyoyo. Warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na waliotangulia uwaghufirie. Na tukijafikia udhaifu ule tulioahidiwa, tujaalie mtu wa kutusubiri na bakuli. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.